Deni la Wapagazi: Kariakoo Imdai Nani?

Hoja iliyo mezani: Serikali ya Tanzania iidai Uingereza, rasmi na kwa maandishi, kuhusu watu waliokamatwa kuwa wapagazi katika vita ya 1914 hadi 1918. Wanaozungumza ni mwalimu wa historia, balozi mstaafu, mama mwenye duka la jumla Mtaa wa Kongo, na mbeba mizigo wa sokoni.

MWALIMU: Kwamba jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza, kila mtoto wa Dar es Salaam ameshaambiwa, kwa hiyo sitakaa hapo. Waingereza waliingia mji huu tarehe 4 Septemba 1916. Walikuta jengo la soko lililojengwa na Wajerumani, vita ikiwa imelikatiza kabla halijaanza kazi yake, wakaligeuza kituo cha wapagazi. Wengi wa wapagazi hao hawakujileta. Jumbe aliambiwa alete watu kadhaa, naye akatuma watu wake usiku wakazingira nyumba. Kwa upande wa Uingereza peke yake, waliobebeshwa mizigo katika vita ile ya Afrika Mashariki walikaribia milioni 1, na vifo vilivyoandikwa vinazidi 95,000. Nasema vilivyoandikwa. Wapo waliodondoka porini bila mtu wa kuwaandika. Deni hilo halijafungwa, na nataka nchi yetu ilidai.

MAMA WA DUKA: Mwalimu, nakuheshimu, lakini mimi ni mtu wa hesabu. Deni lina mdaiwa, lina mdai, lina daftari. Mdaiwa umeshamtaja. Mdai ni nani? Mjukuu yupi atakayesimama aseme babu yangu alifia Rufiji na ushahidi wangu ni huu? Mimi mteja wa wiki iliyopita akija bila risiti tunagombana mpaka majirani wanatoka nje. Wewe unazungumzia miaka mia na zaidi.

MWALIMU: Daftari lilikuwepo, Mama, tena la kwao. Oscar Watkins, ofisa aliyekiongoza kikosi hicho kutoka Nairobi, alisimamia kumbukumbu za watu wake, na wapagazi walivishwa vibati vya namba. Malipo makubwa mtu aliyapata anapoachiwa kurudi kwao. Fikiria maana yake: aliyekufa njiani alikufa anadai. Baada ya vita fedha za marehemu na za wasiojulikana walipo zilibaki kwenye vitabu vya serikali. Watkins alizipigania kwa miaka. London ikakataa kuziachia, hata pale ilipoombwa angalau ziwanufaishe watu wa maeneo walikotolewa wale marehemu. Kwa hiyo usiniambie hakuna daftari. Sema daftari lilifungwa na mdaiwa mwenyewe.

BALOZI MSTAAFU: Mimi nimekaa kwenye meza za namna hiyo, na nataka nimpe Mwalimu mfano unaomsaidia kuliko wake, kisha nimwonyeshe ulikoishia. Marekani ilipokwisha kujitoa mikononi mwa Uingereza, manowari za Kiingereza ziliendelea kusimamisha meli zake za biashara baharini. Ofisa anapanda, anawapanga mabaharia, anawatazama mmoja mmoja, anasikiliza lafudhi zao, kisha anachagua: wewe na wewe ni Waingereza, shukeni mkapigane vita vya Mfalme. Hoja ya London ilikuwa kwamba aliyezaliwa raia wa Mfalme atabaki hivyo hadi kaburini, hata akihamia wapi. Lakini walioshushwa walikuwamo Wamarekani wa kuzaliwa, kwa maelfu. Makadirio ya kawaida ni kati ya 6,000 na 10,000 hadi kufikia 1812.

Marekani ilidai. Mwaka 1790 Rais Washington alimtuma Gouverneur Morris kulisemea jambo hilo London. Mwaka 1792 Thomas Jefferson, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliweka msimamo kwamba meli ikishakuwa ya Marekani, basi na mabaharia waliomo wahesabiwe kuwa wake. Mwaka 1794 John Jay akasaini mkataba na Uingereza ukagusa biashara, mipaka na madeni, na kuhusu mabaharia ukanyamaza. Mwaka 1806 James Monroe na William Pinkney wakasaini mwingine, nao haukuwa na kifungu hicho. Jefferson, sasa akiwa Rais, hakuupeleka hata Seneti. Juni 1812 wakaingia vitani. Desemba 1814 wakapatana kule Ghent, na mkataba wa amani nao ukapita bila neno juu ya ukamataji. Ulikoma kwa sababu vita vya Napoleon viliisha na jeshi la majini halikuwa tena na njaa ya watu. Taifa lenye meli, bunge, mabalozi na mizinga halikupata sentensi moja. Sisi tutakwenda na nini?

MBEBA MIZIGO: Samahani, Mzee Balozi. Hao mabaharia, nchi yao ilikuwa inawajua kwa majina?

BALOZI MSTAAFU: Wengi, ndiyo. Mwaka 1796 Bunge lao lilitunga sheria ya kuwalinda, baharia akawa anapewa cheti kinachomtaja jina na alikozaliwa. Na tukio kubwa kuliko yote linajulikana hadi leo. Juni 1807, karibu na pwani ya Virginia, manowari Leopard ya Uingereza iliipiga mizinga meli ya kivita Chesapeake ya Marekani kwa sababu nahodha alikataa kukaguliwa. Watu 3 walikufa palepale, wanne wakachukuliwa. Mmoja, Jenkin Ratford, Mwingereza kweli aliyetoroka jeshi, alinyongwa. Watatu waliobaki walikuwa Wamarekani. Mmoja alifia mikononi mwa Waingereza, na wawili wakarudishwa mwaka 1812, wakapandishwa tena kwenye sitaha ya Chesapeake yenyewe.

MBEBA MIZIGO: Kwa hiyo miaka mitano mawaziri wawili wa nchi mbili wanaandikiana barua juu ya watu wanne.

BALOZI MSTAAFU: Juu ya watu wanne, na juu ya bendera iliyopigwa mizinga.

MWALIMU: Hapo ndipo mfano wako unaponisaidia, Balozi, na hukuumalizia. Wamarekani hawakupata kifungu, lakini walipata kitu ambacho mpagazi wa Kariakoo hakuwahi kukipata: mtu wa kuuliza yuko wapi. Tazama hata karatasi zao. Baharia wa Marekani alibeba cheti ili asikamatwe. Kwa jirani zetu Kenya, ambako nao wana Kariokor yao pale Nairobi, sheria ya mwaka 1915 iliruhusu kuwachukua watu kwa lazima kuwa wapagazi, na mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika, iliyokuja kuzaa kipande baada ya vita. Kipande kilivaliwa ili mtu akitoroka kazi apatikane. Huku karatasi inamkinga mtu na serikali, kule inamfunga nayo. Mwaka 1917 John Ainsworth alipewa kazi ya kukusanya wapagazi Kenya, na kwa miezi michache wakakusanywa kama 120,000. Hakuna waziri hata mmoja duniani aliyeandika barua.

MAMA WA DUKA: Lakini huo msimamo wa Wamarekani mnausifia mno. Wakati Jefferson anawalilia mabaharia wake, mashambani kwao kulikuwa na watu weusi wangapi?

BALOZI MSTAAFU: Sensa yao ya 1810 ilihesabu watumwa zaidi ya milioni 1. Jefferson mwenyewe alikuwa na watumwa.

MAMA WA DUKA: Basi. Nchi inamlilia iliyemhesabu kuwa wake. Wengine wanabeba.

MWALIMU: Ndiyo sababu nasema leo tuna nchi, Mama. Sasa wapo wa kutuhesabu.

BALOZI MSTAAFU: Ngojeni niwape la kisheria, kwa sababu linaumiza kuliko mnavyodhani. Mkataba wa Hague wa 1907, ambao Uingereza ilikuwa imeusaini, uliruhusu jeshi lililoteka nchi kudai huduma kwa wenyeji, lakini kwa sharti kwamba wenyeji wasilazimishwe kushiriki vitendo vya vita dhidi ya nchi yao. Mwaka 1916 mtu wa Dar es Salaam, wa Kilosa au wa Mahenge, kwa macho ya sheria ya siku hizo, alikuwa chini ya Ujerumani. Mwingereza anamkamata, anambebesha risasi zinazokwenda kumpiga Mjerumani. Hapo hoja ipo, tena nzuri. Lakini mwenye haki ya kuitoa alikuwa nani? Ujerumani. Na Ujerumani ilikuwa ikifanya hayohayo upande wa pili wa vita. Jenerali wao Lettow-Vorbeck alipigana miaka minne kwa migongo ya watu waliokamatwa vilevile, kwenye safu yake wake na watoto wakifuata nyuma, mpaka aliposalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Mwaka uliofuata, kule Versailles, Ujerumani ikaandikishwa kuacha makoloni yake yote. Mtetezi pekee wa kisheria alikuwa mkosaji mwenzake, na baadaye akawa hayupo.

MBEBA MIZIGO: Yaani fahali wawili wanapigana, na nyasi hazina balozi.

MWALIMU: Walikuwa watu, ndugu yangu, na nataka kidogo tuwaangalie kama watu. Nyumbu, farasi na ng'ombe wa jeshi walikufa kwa mbung'o. Reli haikufika kila mahali, barabara zilizama kwenye matope. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Mzigo ulikuwa kama kilo 25.

MBEBA MIZIGO: Mwalimu, kilo 25 hazimwui mtu. Belo la mitumba ninalolipandisha ghorofani ni kilo 45. Gunia la lumbesa sijui hata niliweke kilo ngapi. Mimi nabeba toka kwenye gari mpaka stoo, natua, nakunywa chai, nalipwa changu. Kinachomwua mbebaji ni umbali na tumbo.

MWALIMU: Umesema kitu ambacho Jenerali Smuts, aliyeongoza majeshi ya Mwingereza, na maofisa wake walipaswa kukijua. Mpagazi anakula. Ukimpa karibu kilo moja ya unga kwa siku, na kituo kiko mwendo wa siku kumi, basi kwenda na kurudi amekula karibu kilo 20. Kwenye mzigo wa kilo 25 askari wa mbele anabakiwa na kilo 5. Ili askari ale, lazima wapagazi waongezwe. Wakiongezwa, chakula kinapungua, kwa hiyo wanaopunguziwa chakula ni wapagazi. Mtu aliyezoea ndizi au mtama anapewa unga wa mahindi, hana sufuria ya kutosha wala muda wa kuuivisha, anaula nusu mbichi. Tumbo linaanza. Mwanzoni mwa 1917 mvua zikafurika bonde la Rufiji, na watu wale wakawa wanatembea ndani ya maji wakiwa na kuhara damu, homa ya mapafu na malaria. Hiyo ndiyo iliyowaua kuliko risasi. Risasi haikuwa na haja ya kuwatafuta.

BALOZI MSTAAFU: Magonjwa hayo yaliwaua hata Wazungu na Wahindi wa jeshi lao. Wakili wa upande wa pili atasema hiyo ndiyo vita ya nchi za joto.

MWALIMU: Atasema hivyo, nami nitamtajia Mzungu mwenzake. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alikwenda vitani mwaka 1916 akiongoza kikosi cha wapagazi alichokikusanya yeye, akatembea nao pwani hii. Mwaka 1920 aliandika kijitabu akiikemea nchi yake kwa kuwafanyisha Waafrika kazi za shuruti. Aliyaona. Na mwaka 1922 Uingereza yenyewe ilipopewa hati ya udhamini wa Tanganyika, iliwekewa kifungu kinachokataza kazi ya kulazimishwa, isipokuwa kazi za lazima kwa umma, na kwa malipo ya haki. Kwa hiyo hawakuwa watu wasiojua lililo baya. Wakati wa vita ya pili wakawakamata tena watu wa Tanganyika, safari hii kuwapeleka kwenye mashamba ya mkonge.

MAMA WA DUKA: Malipo ya haki. Mpagazi alilipwaje?

MWALIMU: Wale wa upande wa Kenya walipangiwa rupia 5 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, halafu 6. Waliojiunga mwanzoni mwa vita walilipwa zaidi ya hapo. Kiwango kilishushwa, na walowezi walifurahi, kwa sababu mpagazi akilipwa vizuri, kibarua wa shamba naye angetaka.

MAMA WA DUKA: Ngoja, hapo umenigusa. Nilikuwa nakupinga kwa sababu ulikuwa unasema fidia, na fidia mimi naiona ni kama kuomba: anayetoa ndiye anayepanga, na ukipewa unashukuru. Lakini mshahara si fidia. Mtu kafanya kazi, kiwango mmepanga nyinyi, mmekishusha nyinyi, siku mmehesabu nyinyi, halafu hamkulipa kwa sababu amekufa. Hiyo haihitaji huruma ya mtu. Mimi kijana wa dukani kwangu akifariki tarehe kumi na tano, siku zake kumi na tano nampelekea mama yake, hata kama mama yake yuko Kigoma. Kama nimeshindwa kumpata, fedha ile haijawa yangu.

BALOZI MSTAAFU: Mama, sheria za Hazina hazifikiri hivyo. Watakuuliza mrithi ni nani, na mirathi ilifunguliwa mahakama gani.

MAMA WA DUKA: Wao walipomchukua usiku walimwuliza mrithi wake?

BALOZI MSTAAFU: Sikatai uchungu wa hoja. Nasema itakavyojibiwa. Na kuna jingine, ambalo litatoka upande wetu. Tulipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Mwalimu Nyerere aliiambia dunia kwamba Tanganyika hairithi mikataba ya mkoloni kienyeji. Tutaipitia, na tusiyoitaka ndani ya miaka miwili itakufa. Kwa msimamo huohuo tukawaambia Wabelgiji kwamba ile mikataba ya maeneo yao ya bandari, hapa Dar es Salaam na Kigoma, haitufungi. Ulikuwa msimamo wa heshima, na nchi nyingine zikauiga. Sasa nchi iliyosema hatukurithi ahadi zao, itasimamaje kusema tumerithi madai dhidi yao? Inawezekana, lakini si kwa sentensi moja.

MWALIMU: Nyerere alikataa kurithi mikataba ambayo watu wetu hawakuulizwa. Mpagazi naye hakuulizwa. Ni msimamo mmoja, Balozi, haupingani hata kidogo.

BALOZI MSTAAFU: Hilo nalikubali. Andika hivyohivyo kwenye barua.

MWALIMU: Kumbe barua ipo!

BALOZI MSTAAFU: Sijasema ipo. Nasema ikiwepo. Tazameni madai yaliyokwisha kufanikiwa. Juni 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau, pauni milioni 19.9, na Waziri wa Mambo ya Nje William Hague akaeleza masikitiko Bungeni. Wale walikuwa hai. Wazee waliingia mahakamani London na makovu yao. Mpagazi wa 1917 hana kovu la kuonyesha. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea akaomba msamaha kwa yaliyofanywa katika vita ya Maji Maji. Ni kitu kikubwa, lakini fedha haikuandikwa. Na Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi, Ben Wallace, aliomba radhi Bungeni. Mlango ulioachwa wazi ni huo wa majina. Ningepita hapo kwanza.

MWALIMU: Majina bila mshahara! Ndivyo walivyotufanyia siku zote, Balozi: maneno mazuri, mfuko umefungwa.

MBEBA MIZIGO: Hata hayo maneno yenyewe, Mwalimu. Nikisukuma mkokoteni kwenda Posta napita kwenye Sanamu ya Askari, pale Samora. Nilikuwa sijui maandishi yanasema nini, siku moja nikaegesha nikasoma. Kumbe wapagazi wametajwa, wanaambiwa walikuwa mikono na miguu ya jeshi. Nikainua macho juu. Juu yuko askari na bunduki yake na singe. Peke yake. Nikazunguka nyuma nikidhani labda mbebaji kasimamishwa naye huko nyuma. Hayupo.

MWALIMU: Sanamu iliwekwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, na maneno yale yaliandikwa na Rudyard Kipling. Nairobi kuna ya ndugu yake, na kule mpagazi amesimama pamoja na askari. Hapa kwenye mji uliobeba jina la wapagazi, sanamu ni ya askari peke yake.

MBEBA MIZIGO: Mnaona sasa. Hata waliobeba wenyewe hawakukaa juu ya jiwe. Na Wajerumani nao je? Nimesikia waliwalipa watu wao.

BALOZI MSTAAFU: Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilitenga fedha kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa bado hai. Askari.

MBEBA MIZIGO: Siyo wapagazi.

BALOZI MSTAAFU: Malipo yale yalikuwa ya askari.

MAMA WA DUKA: Na kule Ugogo, Mwalimu? Mama mkwe wangu Mgogo alikuwa akisimulia njaa kubwa waliyoiita Mtunya.

MWALIMU: Hiyo ilikuja hukohuko, Mama. Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka, yalichukua wanaume wa kulima, kisha mvua zikakosa. Kuanzia 1917 hadi 1920 watu wa Ugogo walikufa kwa makumi ya maelfu. Watu hawakufia barabarani tu. Walifia pia katika mashamba ambayo hayakupata mtu wa kuyalima. Ndiyo maana nasema wadaiwe wote wawili. Uingereza, na Ujerumani baada yake.

MBEBA MIZIGO: Na wa tatu?

MWALIMU: Wa tatu yupi? Ubelgiji?

MBEBA MIZIGO: Sisi wenyewe. Mimi sikuwepo mwaka 1983, lakini wazee wa sokoni wananisimulia Nguvukazi. Mtu yuko Kariakoo, anauza karanga au anabeba kama mimi, anaulizwa kitambulisho cha kazi. Hana. Anapandishwa kwenye gari na kupelekwa kulima asikokujua. Palepale, Mwalimu, kwenye viwanja vilevile vya wapagazi wako. Barua yetu kwa Mwingereza ikisema kumkamata mtu afanye kazi ni kosa, yeye si atasoma na historia yetu?

MWALIMU: Usilinganishe. Sheria ya Nguvukazi ilipitishwa na Bunge letu, nchi ikiwa imetoka kwenye vita ya Kagera, uchumi umelala, mijini hakuna chakula. Nani aliyekufa kwa kuhara damu porini? Ilikuwa na makosa, nakubali, na yalisemwa. Lakini kuiweka kwenye mizani moja na Rufiji ya 1917 ni kuwadharau marehemu.

MBEBA MIZIGO: Sijasema uzito ni mmoja. Mimi ni mtu wa mizigo, uzito naujua. Nasema aliyekamatwa ni yuleyule. Ni yule ambaye ukimchukua, ofisi hazitapungukiwa na mtu.

BALOZI MSTAAFU: Kijana, hapo lazima nitetee dola kidogo. Mimi nilipita Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria. Nilinyolewa, nilikimbizwa mchakamchaka alfajiri, nililima. Sikuombwa ridhaa. Mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga jambo hilo, na Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Leo nikitazama nyuma nashukuru kwamba nililala hanga moja na mtoto wa mkulima. Utaratibu ule ulisitishwa 1994, ukarudishwa 2013, na wazazi wengi waliufurahia. Nchi ina haki ya kuwaita watoto wake. Kosa la Mwingereza lilikuwa kuwaita watoto wa wengine.

MAMA WA DUKA: Balozi, hiyo ndiyo hoja ya Mwingereza kwa mabaharia! Si ulituambia mwenyewe? Alisema ni watoto wake, wamezaliwa kwake, ana haki nao.

BALOZI MSTAAFU: Tofauti ni kwamba...

MAMA WA DUKA: Tofauti ni kwamba wewe uliitwa kwa jina, ukapewa tarehe ya kwenda na tarehe ya kurudi, na mama yako alijua uko kambi gani. Ungefia huko, ungerudishwa na jeneza na afisa wa kutoa pole. Mimi sina ugomvi na JKT. Lakini usiseme ni kwa sababu ulikuwa mtoto wa nchi. Ni kwa sababu uliandikwa.

MWALIMU: Na wapagazi waliandikwa, Mama, nimeshasema. Walikuwa na namba. Wakaandikwa ili wahesabiwe mzigo, siyo ili watafutwe.

MBEBA MIZIGO: Leo mimi sina hata hiyo namba. Nikiteleza na belo ngazini nikavunjika mgongo, tajiri mwenye mzigo hanijui, mwenye jengo hanijui, dalali aliyeniita atazima simu. Mnataka kudai mishahara ya marehemu wa 1917 kwa jina la Kariakoo. Sawa, wadaini. Lakini fedha ikija itapita mikono mingapi? Itajenga jengo, litaitwa la kumbukumbu ya wapagazi, na mimi nitabeba nondo za kulijenga, bila mkataba.

MWALIMU: Ndugu yangu, ukiifunga haki ya marehemu kwenye haki yako, zitakwama zote. Serikali itasema inashughulikia la kwako, na la kule litalala.

MBEBA MIZIGO: Na nikiziacha zitengane, la kule litapata semina, na la kwangu litalala. Limeshalala.

MAMA WA DUKA: Mimi nina njia ya kati. Barua isiombe fedha kwanza. Iseme: leteni daftari. Hesabu za wapagazi wa Tanganyika, majina, vijiji, siku walizofanya, kilicholipwa na kilichobaki. Mfanyabiashara akidaiwa akakataa kuonyesha kitabu, soko zima linajua ana kitu.

BALOZI MSTAAFU: Barua hiyo ni ngumu kuikataa. Nchi inaweza kubishania fidia miaka hamsini, lakini kukataa kuonyesha majina ya marehemu, baada ya radhi ya 2021, ni aibu mbele ya dunia. Na ningeandika nyingine kama hiyo kwenda Berlin siku hiyohiyo, ili kila mmoja asijifiche nyuma ya mwenzake.

MWALIMU: Nakubali daftari litangulie, kwa sharti moja: barua itamke neno mshahara. Likiachwa nje leo, kesho watatuambia hatukulidai. Kunyamaza kwenye karatasi nako ni saini.

BALOZI MSTAAFU: Neno mshahara liingie. Hiyo ningeisaini.

MBEBA MIZIGO: Mimi nisingesaini, Mzee. Bado. Chini ya Rufiji andikeni na Nguvukazi, kwamba tunafungua na daftari la kwetu la 1983, nani alichukuliwa hapa sokoni, alipelekwa wapi, nani hakurudi. Mkiandika hilo, nileteeni kalamu.

MWALIMU: Hilo serikali haitalikubali kwenye barua ya kwenda nje.

MBEBA MIZIGO: Basi na barua ya kwenda ndani iandikwe kwanza.